CHUMA AU PLASTIKI? TAZAMA KWANZA KITAKUFA NAMNA GANI

Ukurasa wa Usalama na Afya: somo kwa mafundi, wachunga mashini na watu wa nyumbani



Fungua mashini yoyote ya kazi yetu, iwe pompi, iwe winchi, iwe mkaba wa kubeba mawe. Utaona vipande vya namna mbili. Kuna vipande vinavyotulia, kama vile mwili wa mashini na miguu yake. Na kuna vipande vinavyokwenda: mhimili unaozunguka, bushi inayoushika (ile pete ambayo mhimili unazungukia ndani yake), rulo, puli, magurudumu ya meno. Vile vinavyotulia havituletei taabu nyingi. Vile vinavyokwenda ndivyo vinavyokula vidole, ndivyo vinavyoharibu masikio, ndivyo vinavyowasha moto.

Zamani fundi hakuwa na mengi ya kuchagua. Kipande cha kwenda kilikuwa cha chuma, cha bronzi, au cha mbao ngumu. Nailoni ilitengenezwa kwanza Marekani mwaka 1935, na tefloni ikavumbuliwa huko huko mwaka 1938. Tangu hapo plastiki za namna nyingi zimeingia ndani ya mashini. Leo fundi akienda magazini kuomba bushi, anaweza kupewa ya bronzi au ya nailoni, na zote mbili zinaingia katika tundu lile lile. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana kinachoingia si lazima kifae.

Tuseme bushi ya pompi imekwisha. Fundi anamwambia mkubwa wake:

– Kapita, ya bronzi hakuna magazini. Iko ya nailoni, kipimo ni kile kile.

– Basi tia hiyo, baba, kazi isisimame.

Maneno haya ni mafupi, na kila mmoja ana nia njema. Lakini wameuliza kipimo tu, hawakuuliza kazi. Pompi ile inazunguka mbio au polepole? Ina maji ya moto au ya baridi? Ina asidi? Inaposimama ghafla, nani yuko karibu? Sisi wa dispanseri hatutengenezi pompi, lakini mtu aliyeungua tunamfunga sisi. Kwa hiyo tunaomba leo tuseme neno letu juu ya chuma na plastiki.

VIPANDE VIWILI VIKISUGUANA, KIMOJA HULIWA

Sheria ya kwanza ni rahisi. Vitu viwili vikisuguana kila siku, vinaliwa. Fundi hawezi kuzuia jambo hilo kabisa, hata kwa mafuta mazuri. Anachoweza ni kuchagua kipi kiliwe. Ndiyo sababu mhimili hufanywa wa chuma kigumu, na bushi yake hufanywa ya kitu laini zaidi, kama bronzi au plastiki. Bushi ni ya bei ndogo na inabadilishwa upesi. Mhimili ni wa bei kubwa na kuutoa ni kazi ya siku nzima. Basi bushi iliwe, mhimili upone.

Chuma juu ya chuma cha namna moja, bila mafuta, ni ndoa mbaya. Vinashikana, vinararuana, na mwisho vinagandamana kama vilivyounganishwa kwa moto.

Jambo hili waganga pia wamejifunza, tena kwa taabu. Muzungu mmoja wa Uingereza, munganga John Charnley, alitafuta namna ya kuwawekea wagonjwa kiungo kipya cha nyonga, pale mguu unapoungana na kiuno. Ni kipande kinachokwenda kama kile cha mashini: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Mara ya kwanza alifanya kikombe cha tefloni, kwa kuwa tefloni inateleza sana. Kumbe inateleza, lakini inaliwa upesi sana, na unga wake uliudhi mwili wa mgonjwa. Wagonjwa wengi walirudi kufunguliwa tena. Mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, poliyetileni ya namna ngumu, pamoja na kichwa cha chuma. Hiyo ikafaa, na mpaka leo watu wengi duniani wanatembea juu ya chuma na poliyetileni.

Baadaye wengine walijaribu kuweka chuma juu ya chuma, chuma chenye kobalti na kromi ndani. Ni kobalti ile ile ambayo nchi yetu ya Kongo inachimba kuliko nchi nyingine zote. Kwa wagonjwa kadhaa unga mwembamba wa chuma hicho uliingia katika nyama na katika damu, ukaleta maumivu na uvimbe. Mwaka 2010 aina moja iliyojulikana sana ilirudishwa kutoka hospitali za nchi nyingi.

Mafundisho yake ni haya. Usiulize tu: "Kipi kina nguvu?" wala "Kipi kinateleza?" Uliza: "Kikiliwa, unga wake unakwenda wapi? Kikifa, kinakufa namna gani, na nani anaumia?"

CHUMA NA BRONZI: WEMA WAO NA UBAYA WAO

Chuma kinabeba mzigo mkubwa, na hakilegei ukikiacha chini ya mzigo usiku na mchana. Kinavumilia joto. Tena kinatoa joto nje. Mama akisonga bukari kwa mwiko wa mbao, mkono wake hauungui. Akiacha kijiko cha chuma ndani ya sufuria, mara moja mpini unakuwa wa moto. Chuma ni kama kijiko kile: joto la msuguano linapita ndani yake na kutoka. Plastiki ni kama mwiko: joto linabaki pale pale lilipozaliwa. Nailoni inapitisha joto kidogo sana, chuma kinaipita karibu mara 200.

Ubaya wa chuma ni huu. Kinataka mafuta au girisi kila wakati, na kila safari ya kutia girisi inamleta mtu karibu na mashini. Kinapata kutu. Ni kizito: kipande cha chuma cha kilo 7, ukikifanya cha nailoni kwa umbo lile lile, kitakuwa na kilo 1 tu. Mgongo wa mtu anayebadilisha rulo siku nzima unajua tofauti hiyo.

Na chuma kina kelele. Magurudumu ya meno ya chuma yanagongana maelfu ya mara kwa dakika moja. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuanza kuua masikio, na kila ikipanda desibeli 3 ni lazima muda wa kuisikia ukatwe nusu. Kama sharti upige kelele ili mwenzako aliye mkono mmoja mbali akusikie, basi mmekwisha kufika hapo. Sikio lililokufa kwa kelele halifufuki, hakuna dawa wala sindano. Gurudumu moja la nailoni kati ya mawili ya chuma linaweza kupunguza kelele hiyo sana. Hapo plastiki ni rafiki wa afya.

Juu ya bronzi, kumbuka kwamba bronzi nyingine za bushi zimetiwa risasi ndani ili ziteleze vizuri. Fundi anayezichonga kwenye mashini ya kuchongea anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, na nguo zenye unga huo asizipeleke kwenye chumba cha watoto. Risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo polepole, bila homa na bila kidonda.

PLASTIKI SI KITU KIMOJA

Mtu akikuambia "ni plastiki tu", hajakuambia kitu. Ni kama kusema "ni mti tu" bila kusema kama ni wa kuni au wa kujengea.

Nailoni ni ngumu, inavumilia kugongwa, na inaweza kwenda na mafuta kidogo. Lakini inakunywa maji. Ikikaa majini muda mrefu inaweza kunywa sehemu 8 kwa 100 za uzito wake, na inavimba. Bushi ya nailoni iliyokatwa kwa kipimo cha bronzi, ukiitia ndani ya pompi ya maji, itavimba na kuukaba mhimili. Mhimili uliokabwa unaleta joto, joto linaivimbisha nailoni tena, na mwisho unaujua.

Hesabu ya joto ni hii. Chukua kipande cha urefu wa milimita 100, ukipashe joto nyuzi 50 zaidi. Chuma kitaongezeka sehemu 6 za mia ya milimita, karibu unene wa unywele mmoja wa kichwa. Nailoni itaongezeka karibu sehemu 40 za mia, nywele sita. Ndiyo sababu plastiki inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma. Fundi anayeweka plastiki kwa kipimo cha chuma anafunga kitanzi.

Tena nailoni haipatani na asidi kali. Katika viwanda vya kuyeyusha madini kwa asidi ya salfuriki, kama vile vilivyojengwa Shituru kule Likasi na Luilu kule Kolwezi, chuma cha kawaida kinaliwa na asidi, na mtu angefikiri: "Basi tuweke plastiki." Ni kweli, lakini plastiki ipi? Poliyetileni na tefloni zinaivumilia asidi hiyo. Nailoni inavunjwa nayo. Pompi ya asidi ikipasuka kwa sababu ya kipande cha nailoni, macho ya mtu ndiyo yatakayolipa.

Poliyetileni nayo ina mpaka wake: inayeyuka karibu na nyuzi 130 za joto. Inafaa kwa mahali pa baridi ambapo mawe au matope yanateleza. Haifai mahali pa moto.

Tefloni inavumilia joto kuliko hizo zote, lakini ni laini na inakubali kubonyezwa.

Na plastiki zote zina tabia moja: chini ya mzigo mkubwa usiopumzika zinalala. Leo kipande kiko sawa, baada ya miezi kimebonyea, na hakirudi tena.

MZIGO NA MWENDO

Shika neno hili, litakusaidia. Plastiki inaweza kuvumilia mzigo mkubwa ikiwa mwendo ni mdogo. Inaweza kuvumilia mwendo mkubwa ikiwa mzigo ni mdogo. Mzigo mkubwa na mwendo mkubwa kwa pamoja ni kazi ya chuma na mafuta. Bushi ya mlango mzito unaofunguliwa mara kumi kwa siku, nailoni inaweza kufaa. Bushi ya mhimili wa mashini ya kuvunja mawe, hapana.

Vumbi nalo liingie katika hesabu. Punje za mawe yetu ni ngumu. Zikiingia kati ya mhimili na bushi laini, zinajichomeka ndani ya bushi na kukaa humo. Bushi inakuwa kama msasa, na siku hiyo laini ndiyo inakula ngumu. Kwa hiyo mahali pa vumbi, kifuniko cha kuzuia vumbi kina maana kuliko aina ya bushi.

CHUMA HULIA KABLA YA KUFA

Sasa tufikie jambo kubwa kuliko yote. Kila kipande kinachokwenda kitakufa siku moja. Kinachoua watu ni kipande kinachokufa bila wao kujua.

Chuma kinapokaribia kufa, kinalia. Rulema iliyokosa girisi inapiga mluzi, kisha inanguruma. Bronzi inatoa unga wa rangi ya dhahabu ndani ya mafuta. Mchunga mashini mzoefu anasikia, anaita fundi, mashini inasimamishwa. Plastiki mara nyingi inakufa kimya. Inalegea, inabonyea, inapasuka ghafla siku ya baridi au siku ya mzigo mkubwa. Kelele iliyopungua ni jambo jema kwa masikio, lakini mtu aliyezoea kuchunga mashini kwa masikio sharti sasa aichunge kwa macho na kwa kipimo. Weka siku ya kupima bushi ya plastiki, andika katika daftari, usingoje ikuite.

Tazama mfano wa rulo za mkaba. Rulo ya chuma ikitoboka, ukingo wake unakuwa mkali kama kisu na unakata mkaba. Rulo ya plastiki haikati mkaba, ni nyepesi, na haigandwi upesi na matope. Hapo plastiki inashinda. Lakini ndani ya rulo hiyo ya plastiki bado kuna rulema za chuma. Rulema ikikwama, mkaba unaendelea kusugua rulo iliyosimama, plastiki inapata joto, inalainika, inayeyuka, na inaweza kuwaka.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Puli za winchi na za mashini za kuinua mizigo siku hizi huweza kuwa za nailoni. Ni nyepesi, na kamba ya chuma haichubuki nje upesi. Watu wanafurahi: "Tazama kamba, iko nzuri kabisa!" Kumbe juu ya puli za plastiki nyuzi za kamba zinaweza kukatika ndani kwanza, huku nje panaonekana pazima. Kwenye puli ya chuma, tumefundishwa kuhesabu nyuzi zilizokatika nje na kuitupa kamba kwa hesabu hiyo. Kwenye puli ya plastiki, hesabu hiyo peke yake inadanganya. Fundi aliyebadilisha puli ya chuma kwa ya nailoni bila kumwambia mkaguzi wa kamba, amemfumba macho mwenzake. Na chini ya kamba ile kuna watu.

MKABA ULIOSUGULIWA MPAKA UKAWAKA

Tarehe 26 Septemba 1950, katika mina ya makaa ya Creswell huko Uingereza, mkaba wa mpira wa kubebea makaa ulipasuka na kukwama mahali unapomimina mzigo wake. Mashini iliendelea kuvuta. Msuguano ukaleta joto, joto likaleta moto, na mkaba wenyewe ukawa kuni. Watu 80 walikufa chini ya ardhi. Wengi wao moto haukuwagusa. Waliuawa na gazi ya moshi, ile isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya hewa katika damu. Baada ya hapo mina za Uingereza zilianza kuweka mikaba isiyowaka upesi.

Hakuna aliyewasha kiberiti siku ile. Msuguano peke yake ulitosha. Kwa hiyo, unapoona rulo moja haizunguki, usiseme: "Ziko nyingine mia, itangoja jumapili." Simamisha mkaba, tia kadena yako kwenye swichi, ondoa unga na girisi iliyorundikana chini, badilisha rulo. Usiipige teke wala usiisukume kwa fimbo huku mkaba unakwenda. Na kabla ya kuchomelea chuma karibu na rulo au bushi za plastiki, zitoe au zifunike, weka ndoo za maji na kizima moto karibu, na baada ya kazi mtu abaki akilinda. Plastiki inaweza kuchomeka polepole ndani, ikawaka wakati wote mmekwenda kula.

HOMA AMBAYO SI MALARIA

Tefloni ikipashwa joto kupita nyuzi 300 hivi inaanza kutoa moshi mbaya. Mtu akiuvuta, hasikii kitu saa ile. Baada ya saa chache, jioni nyumbani, anaanza kutetemeka, homa inapanda, kifua kinabana, viungo vinauma. Mke wake anasema: "Ni malaria." Anameza dawa ya malaria, kesho yake au kesho kutwa anapona, na wote wanaamini ilikuwa malaria. Juma lijalo anarudia kazi ile ile, anaugua tena.

Homa ya namna hiyo inatoka kwa chuma pia. Mtu anayechomelea mabati au mabomba yaliyopakwa zinki anaipata, na dalili ni zile zile.

Tefloni si ya viwanda vikubwa tu. Ule utepe mweupe ambao mafundi wa maji wanazungusha kwenye meno ya bomba ni tefloni. Mtu mwenye unga wa tefloni vidoleni akivuta sigara, moto wa sigara unauchoma, naye anavuta moshi wake. Nawa mikono kwanza, na sigara zisikae ndani ya mfuko wa nguo ya kazi.

Plastiki nyingine zikiungua zinatoa gazi zinazochoma macho, pua na kifua. Ukiona plastiki ndani ya mashini inatoa moshi, usiiname kuinusa ili kujua ni kitu gani. Zima mashini, toka upande unakotoka upepo, ita wenzako.

Tunaomba jambo moja. Ukija dispanseri na homa, tuambie umefanya kazi gani jana. Tutapima damu yako kutafuta malaria, lakini pia tutajua kukisikiliza kifua chako. Mtu anayeendelea kukosa pumzi baada ya moshi wa namna hiyo asilale nyumbani, apelekwe hospitali.

KAMA AJALI IMETOKEA

Jicho. Usilisugue. Lifunike bila kulibana, na uje upesi. Chuma kikibaki ndani ya jicho kinafanya kutu na kuharibu uwezo wa kuona, na shaba nayo ni mbaya humo. Kwa bahati, kipande cha chuma kinaonekana katika picha ya radiografia. Kipande cha plastiki mara nyingi hakionekani. Munganga anatazama picha, anaona pasafi, kumbe kitu kimo. Kwa hiyo sema wazi: "Ilikuwa nailoni." Ukiweza, leta kipande kilichobaki. Neno lako linaweza kuokoa jicho lako.

Plastiki iliyoyeyuka juu ya ngozi. Usiibandue! Ukiivuta, ngozi itakuja nayo. Mwagia maji safi ya baridi yanayopita kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi, njoo dispanseri. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga.

Asidi. Maji mengi mara moja, kwa muda mrefu, na uvue nguo zilizolowa.

NA NYINYI WA NYUMBANI

Mama, somo hili ni lako pia. Mashini ya kusaga mahindi pale mtaani ina mkaba na puli zinazozunguka mbio. Iwe puli ya chuma, iwe ya plastiki, kitenge kilicholegea kinashikwa vile vile. Funga kitenge chako, mtoto asisimame upande wa mkaba, na mwenye mashini aweke kifuniko.

Mashini za kushona nyingi zina gurudumu la meno la plastiki ndani. Hilo ni kwa wema: sindano ikikwama, plastiki inavunjika kwanza na mashini inapona. Fundi akitaka kulitia la chuma "lisivunjike tena", atavunja kitu kikubwa zaidi.

Usiwashe mbabula kwa vipande vya plastiki wala vya mkaba wa mpira uliotupwa. Moshi wake unaingia katika kifua cha mtoto uliyemfunga mgongoni. Na watoto wanaochezea mfuko unaowaka wakitazama matone yake, wakanye: tone moja likianguka mguuni ni kidonda cha majuma mengi.

MASWALI SABA KABLA YA KUBADILI

Fundi, kata sehemu hii na uibandike ateliye.

1. Kipande hiki kinabeba mzigo gani, na kinakwenda mbio namna gani?
2. Joto lake likipanda sana linafika wapi?
3. Kinakaa katika maji, asidi, mafuta au vumbi?
4. Kikivimba, kimepewa nafasi ya kutosha?
5. Kikiliwa, nitakiona au nitakisikia? Kama sivyo, nani atakipima, na siku gani?
6. Kikivunjika au kikiungua, nani yuko chini yake, mbele yake au katika moshi wake?
7. Nani amekubali mabadiliko haya, na yameandikwa wapi?

Turudi sasa kwa kapita na fundi wetu. Kama pompi yao ni ya maji baridi, inayozunguka polepole, na bushi ya nailoni imekatwa kwa nafasi inayostahili, wanaweza kuiweka kwa ruhusa ya injinia, wakaandika katika daftari la mashini. Kama ni pompi ya maji ya moto au ya asidi, waiache isimame mpaka bushi inayofaa ifike. Pompi iliyosimama inaleta hasara, nayo inaandikwa katika hesabu ya kampuni. Mkono uliopotea hauna mahali pa kuandikwa, isipokuwa katika nyumba ya mwenye mkono.

Plastiki si adui, na chuma si mfalme. Kila kimoja kina kazi yake na kifo chake. Ukiwa hujui, uliza. Injinia atajibu, mtu wa usalama atajibu, na mlango wa dispanseri uko wazi. Mashini ina vipande vya kubadilisha ndani ya magazini. Wewe hunavyo.